Nilizuia Mbegu Ili Mkamwana Wangu Akubali Kurithiwa

Mimi ndiye niliyekosa. Naanza na hilo ili usipoteze muda kumtafuta mwingine wa kulaumu. Mimi mwenyewe nimemtafuta mwaka mzima, sijampata.

Mimi ni mzee. Nilimaliza kidato cha nne enzi ambazo mtu akimaliza kidato cha nne kijiji kizima kilikuja kumwona. Kanisani nina kiti changu mbele, upande wa wazee. Kwetu ni Rangwe, njia ya kwenda Asumbi. Kijiji sitakitaja, kwa sababu ninaoishi nao hawakunituma kufanya nilichofanya.

Mwanangu wa kwanza, nitamwita Ochieng, alifia kwenye shimo la dhahabu kule Masara. Udongo ulimshukia. Aliacha mke na watoto wawili. Mke wake alitoka Ogwedhi, kwa hiyo nyumbani tulimwita Nyar Ogwedhi, yaani binti wa Ogwedhi, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Sasa nisikilize, maana hasira niliyo nayo juu yangu haijapata pa kukaa.

Kwetu, mume akifa, mjane hutafutiwa mwanamume wa ukoo amrithi. Tunaita tero. Bila hiyo, wazee husema mjane bado amebeba kifo cha mume wake. Akikanyaga shamba la mtu, mazao yanaharibika. Siku hizi wengi wa kanisa wameacha mambo hayo. Hata mimi nilikuwa nasema nimeacha. Nilisema hivyo juu ya wajane wa watu wengine. Alipotokea mjane wa boma langu, nikakumbuka mila!

Nikamchagulia mtoto wa ndugu yangu. Mlevi, mwenye mdomo, lakini wa ukoo. Nikamwita Nyar Ogwedhi nyumbani kwangu, mke wangu akiwepo.

"Matanga yameisha," nikamwambia. "Huyu ndugu ya mume wako atakuwa akikuangalia wewe na watoto."

Alipiga magoti kama afanyavyo akileta maji ya kunawa. "Baba, asante kwa kunifikiria. Lakini siku tulipomzika Ochieng nilimwambia Mungu Yeye ndiye mwenye nyumba yangu. Siwezi kumwambia sasa asogee kidogo, kuna mtu anakuja."

Mke wangu alicheka! Akajifunika mdomo na leso, lakini nilimwona.

Yule mtoto wa ndugu yangu, akiwa amesimama mlangoni, akamdhihaki: "Na huyo Mungu wako atapanda juu kukutengenezea paa?"

"Ameshaona linavuja, shemeji. Wewe umeliona leo kwa sababu umeitwa."

Mtu mwenye akili angemaliza hapo na kuomba chai. Mimi nikaona nimedharauliwa nyumbani kwangu. Sikumwona mwanamke aliyefiwa na ameshika imani yake kwa mikono miwili. Niliona mkaidi.

Kuna mila nyingine kwetu. Mvua ikianza, mwenye boma na mke wake wa kwanza ndio wanaotoa mbegu. Wao wakishapanda, ndipo wana wao wapande, kila mtu kwa zamu yake. Anayeruka zamu anajitafutia chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata mvunja mwiko. Ndivyo tulivyoambiwa.

Mvua ikaanza. Nikatangaza: sitatoa mbegu mpaka Nyar Ogwedhi akubali.

Nilijua ninachofanya. Usifikiri nilipotoka kwa kutojua! Nilijua boma zima litamgeukia yeye, si mimi. Na kweli, wakamwana wenzake wakaacha kumsalimia kisimani. Watoto wake wakaitwa majina. Mwanangu wa pili alikuja mbio.

"Baba, majirani wanapanda. Mvua haijui mambo ya familia yetu."

"Kamwambie shemeji yako."

"Shemeji hajafunga mbegu. Wewe ndiye umefunga."

Nikamfukuza kwa fimbo, mtu mwenye watoto wake.

Nyar Ogwedhi angeweza kupanda. Yeye chira haogopi. Nakiri jambo baya hapa: nilikuwa naomba apande, ili nipate sababu ya kumtoa. Hakupanda. Kila asubuhi alikwenda na jembe mpaka ukingo wa shamba lake, akasimama akaomba, kisha akapita kwenda kutafuta kibarua kwa watu. Siku moja nilimngoja pale.

"Mungu wako amesema nini leo?"

"Amesema nikuheshimu, Baba. Ndiyo maana unaona udongo bado mzima."

"Mbona basi hutii?"

"Shamba ni lako kulifungua, nami nangoja. Nyumba yangu si yako kuifungua."

Akasema vizuri, bila kiburi, akaenda zake.

Sasa sikiliza unafiki. Mimi niliyewafunga watu nilikuwa nimepanda! Nilikodi shamba ng'ambo ya kilima kupitia rafiki yangu mmoja. Shamba la kukodi halimo ndani ya boma, kwa hiyo mila hailigusi. Nilijiambia hivyo, mzee wa kanisa. Ghala langu lijae huku nikiwangoja wao washindwe. Hata mke wangu sikumwambia.

Mahindi yalipofika magotini, rafiki yangu akatafuta wanawake wa kupalilia. Nikaenda kuona kazi. Nikakuta wamejipanga mistari, wanapiga soga na kuimba. Mmoja wao, jirani yetu Min Apiyo, mwanamke asiyemwogopa mtu, akaniona kwanza.

"Mzee! Umekuja kutusaidia ama umekuja kuhesabu migongo?"

Wakacheka. Kabla sijageuka, rafiki yangu akapaza sauti: "Mwenye shamba mwenyewe huyo!"

Mwisho wa mstari mwanamke mmoja aliacha kuimba akainua kichwa. Alikuwa Nyar Ogwedhi.

Akaangalia mahindi. Akaniangalia. Nikaona akielewa yote, moja baada ya jingine. Nikasubiri anitukane. Ningependa angenitukana!

"Baba," akasema, "mahindi yako yametoka vizuri. Tumshukuru Mungu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananikejeli. Nafikiri alimaanisha, na hilo linaniuma zaidi.

Aibu ilinipanda mpaka kichwani ikageuka moto. Nikapiga kelele mbele ya wanawake wote: "Toka shambani mwangu! Umebeba kifo cha mwanangu, unakuja kukimwaga kwenye mahindi yangu! Nani alimwita huyu? Mnataka nivune nini?"

Wanawake wakainamia majembe, hata Min Apiyo.

Nyar Ogwedhi akafuta jembe kwa majani, akasema, "Haya, Baba," akaondoka.

Neno langu lilifika nyumbani kabla yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa kibarua tena. Alibisha hodi kila boma. Na si watu wa mila tu! Ni wenzangu wa kanisani, waliobatizwa, walioimba kwenye mazishi ya Ochieng. Walimwambia, "Si kwamba sisi tunaamini hayo mambo, dada, lakini..." Hiyo "lakini" imejaa kijijini kwetu kuliko magugu! Mtu anamwamini Mungu mpaka anapofikia mahindi yake. Nilikasirika nao, kisha nikakumbuka nani aliyewapa hilo neno wakalitafuna.

Akakusanya watoto akaenda kwao Ogwedhi. Mke wangu aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi macho mekundu.

"Nilimwuliza kama anaona Mungu amemwacha," akaniambia. "Unajua amenijibu nini? Amesema, 'Mama, niliomba njia ifunguke. Sikumpangia Mungu ielekee wapi.'" Akatema chini. "Na wewe unakaa kiti cha mbele!"

Hatukuvuna kitu bomani mwaka ule. Nilitoa mbegu baada ya yeye kuondoka, mvua ikiwa inaaga. Wanangu wakanunua unga sokoni kama watu wa mjini. Mimi nikaleta magunia yangu kutoka ng'ambo ya kilima, nikidhani njaa itawafanya wanishukuru.

Mke wangu akasimama mbele ya magunia. "Yametoka wapi?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. "Sikuyaona yakipandwa," akasema, "sitayaona yakiliwa."

Akaondoka pale na hajayaonja, na wanangu nao wakayakataa. Ananipikia ugali wa mahindi hayo, ananiwekea mezani, anakwenda jikoni kula muhogo wake. Nimekula ugali huo peke yangu, siku baada ya siku, mume mwenye mke, baba mwenye wana. Wewe uliyezoea kula na watu wako, hujui ugali unavyoweza kuwa mgumu kumeza!

Nikaenda Ogwedhi. Nilimkuta karibu na soko la ng'ombe, chini ya bati moja lililoshikwa na miti, akiwauzia wachuuzi wa mifugo chai na mandazi. Moshi umemjaa machoni. Amekonda. Siwezi kukudanganya kwamba Mungu alikuwa amemtajirisha, hapana. Lakini watoto walikuwa na sare za shule, na yeye alikuwa anaimba!

Mchuuzi mmoja akamwuliza, "Na huyu mzee?"

"Ni baba yangu huyo. Sogea akae."

Akaniletea maji ya kunawa, akapiga magoti kwenye vumbi la ng'ombe. Nikashindwa kunawa. Nikamwambia nimekosa, anisamehe.

"Nilikusamehe siku ile ile, Baba. Nilikuwa na watoto, na mizigo, na safari ndefu. Hasira ningeibebea wapi?"

"Hukuwahi kumlaumu Mungu?"

"Nilimlaumu sana," akasema. "Usiku watoto wakilala njaa nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia. Lakini nilimwambia Yeye. Sikwenda kumwambia mwingine."

"Basi rudi nyumbani."

Akatikisa kichwa. "Ulichosema juu yangu ulikisema mbele ya watu, kule. Hapa nani alikisikia? Ukikiondoa hapa, kule bado kipo. Nikirudi nitakikuta kinaningoja."

Nilirudi nimekasirika. Naam, hata baada ya hayo yote! Nilijiuliza, mzee kama mimi nisimame mbele ya wanawake wa jembe niseme nini? Kiburi hakifi kwa safari moja. Nilikilisha wiki kadhaa, nikila ugali wangu.

Ndipo Jumapili moja nikaomba nafasi baada ya ibada. Nikasimama. Nikasema: Nyar Ogwedhi hakubeba kifo chochote. Mimi ndiye niliyefunga mbegu za boma langu ili nimlazimishe, na kwa siri nikapanda zangu. Nilimtangazia uongo kwa sababu aliniona.

Wazee wenzangu wakaanza kukohoa. Mmoja akachukua kofia akatoka. Min Apiyo akauliza kutoka nyuma, bila kusimama:

"Mzee, umemwogopa Mungu, ama umechoka kula peke yako?"

Kanisa likacheka. Nami nikajibu ukweli: "Yote mawili."

"Basi hata sisi tuliomfungia mlango tuseme," akasema, na sasa akasimama. "Mimi ni mmoja." Akakaa. Hakuna mwingine aliyesimama. Hakuna! Nimewaandika moyoni, na najua sina haki ya kuwaandika.

Mwaka huu mvua ilipoanza, mke wangu alimpigia simu. Sikujua waliongea nini. Siku tuliyopanga kupanda, nikamwona Nyar Ogwedhi akiingia langoni na watoto wake na jembe. Wanangu wote walikuwa wamesimama pale. Nikamwambia mbele yao, "Anza wewe. Leo utangulie."

"Hapana, Baba. Sikukataa mila zenu zote. Nilikataa moja."

Mke wangu akasikia hilo, akainuka alipokuwa amekaa. Akachukua kibuyu cha mbegu, akaniambia, "Twende, mzee." Lilikuwa neno lake la kwanza laini kwangu tangu mavuno. Tukapanda mstari wetu, na wengine wakafuata. Nyar Ogwedhi alipanda shamba la Ochieng hadi mchana ukaisha.

Nilidhani atalala. Nyumba yake ipo, ingawa paa limeoza. Alinawa miguu, akawaita watoto, akaniaga. "Nitakuja kupalilia," akasema, akashika njia ya Ogwedhi. Sikumwomba abaki. Wajukuu wangu waliniangalia kama wanavyoangalia mgeni. Hiyo ndiyo bei yangu, nami nailipa nikiwa hai.

Sasa wewe mzee mwenzangu unayesoma hapa, usiwafungie watu mbegu ili wakupigie magoti. Mvua haitakungoja umalize kujiona mkubwa. Na wewe Mkristo wa "siamini, lakini", acha hiyo lakini, imemfukuza mtu kijijini!

Na mwanamke akikwambia kwamba anamtegemea Mungu katika dhiki, usijipe kazi ya kuwa hiyo dhiki. Dhiki zipo za kutosha duniani. Mimi niliiomba kazi hiyo nikaifanya kwa bidii, na yeye alinishinda akiwa amepiga magoti.