Ming'oko ya Juu Iliyotoka Bondeni

Saa moja kasoro asubuhi ukungu bado umelala kwenye ukingo wa Newala, na Mwanasha Bwanali keshaanza kuteremka mlima, mkono mmoja ameshika mzizi, wa pili ameshika kalamu.

Shingoni ananing'iniza kipima mwinuko, kitu kama saa ya mfukoni. Anakisoma, anachuma majani matatu ya mng'oko, anayatia kwenye mfuko wa karatasi na kuandika: mita 690.

"Zamani nilishuka hapa na ndoo," anasema akihema. "Leo nashuka na kalamu. Mungu ana vituko!"

Mtu wa Masasi au Newala hahitaji kuelezwa ming'oko. Ni mizizi ya porini, huchimbwa kiangazi, ikachemshwa na kuliwa kwa mafuta na pilipili. Wataalamu wanataka kujua kama ile ya juu ina chembe za urithi tofauti na ile ya bondeni, mita mia tano chini. Ikiwa ni tofauti, mbegu ya juu itatunzwa peke yake isipotee.

Mwanasha, mwenye miaka arobaini na sita, ni kibarua wa utafiti huo tangu mwaka jana, 1995. Kabla ya hapo alibangua korosho kiwandani miaka kumi na mmoja, mpaka kiwanda kilipofunga milango.

"Wakaja wanunuzi binafsi, korosho zikaondoka na maganda yake, bila kubanguliwa," anasema. "Sisi tukabaki na vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda."

Sasa analipwa shilingi mia nane kwa siku, na ndizo zinazomsomesha mwanawe Yassini sekondari. Basi ilibaki kidogo tu, hizo nazo zimponyoke.

Mwezi Machi majibu ya maabara yalirudi. Mtafiti kiongozi, Walter, aliwakusanya vibarua akiwa amenyong'onyea. Majani ya juu na ya bondeni yalikuwa yamefanana kabisa.

"Kama hakuna tofauti, wafadhili hawataendelea," aliwaambia. "Mwezi wa sita tunafunga."

Wenzake waliguna. Mwanasha aliondoka bila kuaga, maana mifuko yote ya juu aliijaza yeye, na alijua aliijazia wapi. Aliichuma kwenye mahame ya marehemu mama yake, Bi Rukaiya, nyuma ya palipokuwa na jiko. Ming'oko pale imejaa tele, tena ni tambarare.

"Uvivu, sikufichi," anakiri na kucheka. "Miguu ilikuwa inauma."

Lakini ming'oko ile haikuzaliwa pale. Kabla ya mabomba, wanawake wa Newala walishuka bondeni kuteka maji. Wakati wa kurudi walichimba kichwa cha mng'oko, kile kipande kinachochipua, wakakifunga kwenye pindo la kanga na kwenda kukipanda nyumbani. Bi Rukaiya alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo maabara ilikuwa imepima ya bondeni kwa ya bondeni.

Siku tatu Mwanasha alikaa na siri yake. Akisema, ataonekana ndiye aliyeharibu kazi. Asiposema, kazi yenyewe inakufa. Wali alipika, hakuugusa. Jirani yake Pili, alipoambiwa, ndiye aliyemshika mkono: "Mama Yassini, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda!"

Akaenda.

"Shikamoo, Mama Yassini," Walter alimwamkia.

"Marahaba, baba. Nimekuja kufukuzwa kazi."

Akaeleza yote, machozi yakimtoka. Walter alivua miwani, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Mama, mbona hukusema mapema?"

"Nanyi mbona hamkuuliza? Mliniuliza mita tu. Nani aliyepanda, hamkuniuliza."

Kesho yake walianza upya, kwenye vichaka vya ukingoni ambako hakuna aliyewahi kulima wala kujenga. Mifuko arobaini. Mwanasha alipanda na kushuka bila kunung'unika, na miguu ikavimba kweli safari hii.

Majibu yalifika wiki iliyopita: ya juu na ya bondeni ni tofauti, na utafiti umeongezewa miaka miwili.

"Alhamdulillahi! Nililala mchana ule mpaka alasiri, kama mgonjwa aliyepona," anasema. "Wali nilikula sahani mbili."

Sasa anapanga kulima ming'oko shambani kwake, tuta la ya juu na tuta la ya bondeni, awauzie wenzake vichwa vya kupanda. Walter amemwahidi vibao viwili vya kuandikia mita za mwinuko ilikotoka mbegu ya kila tuta.

"Mita aandike, sikatai," anasema Mwanasha, akifunga mfuko wa mwisho kwa uzi. "Lakini kwenye kibao cha bondeni nimemwambia mstari wa kwanza ni wangu. Utasema: Hii ililetwa na Rukaiya, pamoja na maji."