Swali la Dan Matangani

Njambi wa Kinoo aliuza chakula cha kuku, na kwa miaka mingi aliishi katikati ya wanaume wawili aliowapenda. Mumewe Mwaura, karani wa bima kule Upper Hill na mzee wa kanisa, aliamini kuwa Mungu aliwateua watakaookoka kabla hajaumba ulimwengu. Kaka yake Dan, mhubiri, alisema mlango uko wazi na kila atakaye ataingia. Njambi alikubaliana na kaka yake, na mumewe alijua. Mwaura na Dan walibishana hata Krismasi moja Dan akaondoka bila kula.

Mwaka wa 2006, Jamleck, kifungua mimba wa Dan, aligongwa na lori akafa. Alikuwa kijana mpole, lakini kanisa alikuwa ameliacha kabisa.

Walipokuwa wakienda matangani, Njambi alimshika mumewe mkono.

"Baba Ciru, nakuomba. Leo mambo ya uteule uyaache."

"Sijasema kitu."

"Na usiseme."

Ua wa Dan ulikuwa umejaa watu. Wimbo ulipoisha, Dan alisimama, macho mekundu, akamgeukia Mwaura mbele ya wote.

"Shemeji, wewe ndiwe unajua. Kijana wangu aliteuliwa, ama Mungu alimuumba wa kutupwa?"

Muumini mmoja wa kanisa la Dan akasema, "Mjibu." Mwingine akaongeza, "Hawa ndio humfanya Mungu katili. Atoke."

Wanaume wakaanza kuinuka vitini. Njambi aliogopa mumewe angeanza kufundisha. Aliogopa zaidi kwamba angeondoka, na nyumba hizo mbili zisisemezane tena. Akasimama.

"Huyu mnayemfukuza ndiye aliyeenda mochari kuutambua mwili, ili Dan asiuone ulivyokuwa," alisema. "Kuhusu uteule mimi sikubaliani naye, na anajua. Lakini hapa hamtamtoa."

Mwaura aliinuka polepole.

"Dan, sijui. Sikuonyeshwa majina. Ninachoamini bado nakiamini, siwezi kukudanganya hata leo. Lakini tangu Jamleck aache kanisa nimemwombea kila asubuhi, na hata siku moja sikumwombea kama mtu aliyetupwa."

Dan alimkazia macho. "Ulikuwa ukimwombea?"

"Kila asubuhi."

Dan aliketi, akafunika uso kwa viganja. Njambi hakujua kama angelia au angefoka.

"Basi omba," Dan alisema mwishowe.

Mwaura aliomba kwa maneno machache, bila fundisho lolote. Baadhi waliitikia amina.

Siku ya mazishi Dan alimpa shemeji yake asome Neno kaburini. Watu kadhaa wa kanisa lake waliondoka kwa hasira. Dan aliwaona wakienda, asiwaite, na Njambi akasogea akasimama karibu naye.