Glasi Zenye Alama Nyekundu Chini

Maonyesho yale ya siku tatu yalinigharimu glasi sabini na tano. Nilizihesabu mara mbili. Mara ya kwanza zilipungua sabini na nne, nikafurahi bure.

Waandaaji walikataza vikombe vya plastiki vya kutupa. Banda litakalotoa taka kidogo kuliko mengine lingepewa cheti. Mimi nauza juisi ya marakuja, na cheti ukutani huvuta wateja, basi nikapanda hadi mtaa wa Mutakura kwa dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la akina mama wa mtaa, wanaoazimisha vyombo kwa harusi na misiba. Akanihesabia glasi mia na ishirini, kila moja ina tone la rangi ya kucha chini, nyekundu, zisichanganyike na za watu.

"Kila glasi, mtu aache elfu tatu," akaniambia. "Akirudisha, umrudishie. Kama chupa ya bia."

"Dada, mi nimezaliwa jana?"

Mteja wa kwanza alikuwa mama mnene mwenye mwavuli. Bei ya juisi hakuipinga. Aliipinga ile amana.

"Elfu tatu? Kwani nakimbia? Chukua mia tano."

"Elfu mbili, mama."

"Elfu moja, na nakuletea wenzangu."

Nikakubali. Miaka yote hii sokoni, mdomo wangu umezoea kukutana na mtu katikati, hata kwa pesa ambayo si bei ya kitu. Wenzake aliwaleta kweli, na wote walishaijua elfu moja.

Siku ya pili nikamwona kijana mmoja anaifunga glasi kwenye gazeti.

"We, hiyo inarudi hapa."

"Apana, patron. Sokoni glasi ni elfu mbili na mia tano, tena bila juisi. Elfu yako ubaki nayo."

Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Cheti nilikipata. Msimamizi alipima taka zangu, hakukuta kitu, maana hata glasi wateja walikuwa wameondoka nazo. Walinikabidhi cheti ndani ya mfuko wa plastiki.

Dada alikisoma chote, polepole, kisha akauliza, "Jumamosi bi harusi atanywea hiki?"

Glasi za aina ile haziletwi tena mjini. Nimezunguka hadi miguu imekataa. Harusi ilipita kwa vikombe vya chai. Akina mama hawakumgombeza dada. Walimwomba ufunguo tu, wakampa mama mwingine, mpaka seti itimie. Miaka kumi na moja alikuwa nao shingoni. Siku hizi bado anapeleka mkono pale.

Kwa hiyo, wewe uliyekunywa marakuja kwangu, pindua glasi uliyonayo. Ukiona tone jekundu, nirudishie. Elfu yako ipo, na nitaongeza mia tano. Ukitaka niongeze elfu nzima, njoo tuongee.