Amplifaya Iliyoona Jua

Kabla sijaiona niliisikia, na nikadhani ni omena, dagaa wa ziwani, wanakaangwa. Nilikuwa na miaka saba. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Migori alfajiri kwenda kwa kaka yake, karibu na Kendu Bay, na tulipofika kwenye ua wa minyaa nikasikia mafuta yakichacharika ndani ya nyumba. Nikamwacha mama na mizigo, nikakimbia. Ndani hapakuwa na karai wala moto. Palikuwa na kisanduku cha mbao juu ya stuli, mgongo wake wazi, jua la dirishani likiingia humo moja kwa moja, na ile sauti ya kukaanga ikitoka kwenye kitambaa cha mbele. Mjomba alikuwa ameketi kando na gita lake, akinicheka.

"Mama watoto, leta sahani!" alimwita mke wake aliyekuwa uani. "Okewa amekuja kula amplifaya!"

Okewa ni mtoto wa dada, na kwetu okewa ni mtu mwenye ruhusa. Akiingia kwa mjomba wake anaweza kumkamata jogoo aliyempenda akaondoka naye mchana kweupe, na watu wa nyumba watacheka tu. Mjomba alinikumbusha ruhusa hiyo kila nilipokwenda. "Omba kitu," alikuwa akisema. "Usiogope. Sema tu, Nera, nataka hiki." Nera, yaani mjomba wangu. Ndivyo nilivyomwita.

Siku ile aliweka kiganja nyuma ya kisanduku, na mafuta yakanyamaza. Akakitoa, yakaanza tena. Wingu likapita, yakashuka yenyewe.

"Hii kitu inaona," aliniambia. "Ukiionyesha jua, inalalamika."

Kisha akaigeuza, mgongo ukaelekea ukutani, akaanza kupiga. Gita la benga, muziki wa kwetu, hutakiwa kusema waziwazi. Kila neno la mwimbaji, nyuzi hulirudia. Lake lilisema, lakini kwa koo la mtu aliyelia jana. Kila noti ilianza laini, ikakwaruza mwishoni, kisha ikazimika kabla hujaizoea.

Nimekuwa nikiitafuta sauti hiyo tangu hapo. Ndiyo maana katika chumba changu cha kupanga Migori, riwaya ninayoiandika inakaa upande mmoja wa meza, na upande wa pili kuna chuma cha kulehemu. Ninaunda pedali za fazi za mtindo wa zamani: kisanduku cha bati kinachowekwa sakafuni, waya wa gita ukaingia upande mmoja, mpigaji akabonyeza swichi kwa mguu, na sauti ikatoka upande wa pili ikiwa imekwaruzwa na kunenepeshwa. Ndani hamna mengi. Rezista chache, na transista mbili za germaniamu. Viwanda viliiacha germaniamu zamani, vikahamia silikoni, kwa hiyo zangu hutoka kwenye redio zilizokufa.

Nilizinunua Rodi Kopany, siku ya soko, kwa mama mmoja anayeuza vyuma chakavu.

"Dada, wenzako wanatafuta bwana, wewe unatafuta maiti za redio," alikuwa akinitania.

"Redio haiulizi chakula kiko wapi."

"Basi beba hii pia. Ilikuwa inaongea Kijaluo safi!"

Kama wanavyosaga gunia zima la mawe kule Masara ili wapate chembe ya dhahabu, ndivyo nilivyozipima transista thelathini kupata mbili zinazofaa. Nyingi huvuja. Umeme hupita hata pale usipoitwa, na joto huzidisha. Ukiishika moja kwa vidole viwili, mshale wa mita unaanza kupanda. Pedali iliyoimba vizuri asubuhi, ukiipeleka Homa Bay saa nane mchana inakoroma.

Mwaka ambao haya yalitokea, mpiga gita mmoja wa Nairobi aliniagiza pedali. Alikuwa anaingia studio kurekodi albamu, na jina la mwundaji, alisema, lingeandikwa kwenye jalada. Nilijaribu jozi baada ya jozi. Hakuna iliyomridhisha, wala mimi haikuniridhisha. Niliijua sauti niliyoitaka, na nilijua inaishi wapi.

Majuma hayohayo mjomba alikubali kuja kurekodiwa. Nilikuwa nimembembeleza miaka mitatu. Nyimbo zake alizitunga na rafiki yake mpiga gita la pili, ambaye alizikwa kabla sijamaliza shule, na hakuna hata moja iliyowahi kuhifadhiwa popote. Alikuwa na sharti moja: atapiga kwa amplifaya ile ile, kwa sababu ndiyo waliyoichangia wote wawili. Kitufe chake cha sauti kilikuwa kimelegea, kwa hiyo aliiacha kwangu Jumatatu nikikaze. Angerudi Jumapili; yeye ni Msabato, Jumamosi ilikuwa ya kanisa.

Kukaza kitufe kulichukua dakika kumi. Kisha nikaendelea kuangalia ndani.

Transista za germaniamu zilikuwa pale: vichupa vya kioo vidogo kama punje za mahindi, vimepakwa rangi nyeusi. Kimoja kilikuwa kimekwaruzwa na koleo ya fundi fulani wa zamani, na hapo ndipo mwanga ulipokuwa ukiingia na kuleta ile sauti ya kukaanga. Nilizipima mbili bila kuziondoa, nikajua. Nikafunga mlango kwa ufunguo, ingawa hakuna mtu aliyekuwa anakuja.

Mahali pake niliweka za silikoni, nikabadilisha na rezista ili zikae sawa. Nilipiga gita langu. Kelele za chini zilikuwa zimekwisha. Nilijiambia kwamba nimeiponya, kwamba mzee atashukuru. Zile mbili nikazilehemu kwenye kisanduku cha bati, nikakifunga kwa skrubu nne, na kesho yake kikasafiri kwenda Nairobi. Mteja alinipigia simu akipiga kelele za furaha. Jina langu liliandikwa kwenye jalada kweli. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Nimejaribu kuzirudisha. Nilimwandikia yule mteja mara mbili, nikimwahidi jozi nyingine na pedali nyingine. Akajibu kwa upole kwamba hiyo ndiyo sauti yake sasa. Na hata angekubali, tumechelewa. Mwaka jana mjomba alianguka shambani, na mkono wake wa kushoto haujarudi. Haushiki kikombe, sembuse nyuzi. Naenda kumwona, tunazungumza juu ya mvua na mahindi. Haniambii tena niombe kitu.

Jumapili ile ya kurekodi mjomba alifika saa nne asubuhi, gita limefungwa kwa shuka. Alikunywa chai vikombe viwili, akaulizia mama, akaicheka maikrofoni niliyoifunga kwenye mguu wa kiti kwa mpira wa baiskeli. Kisha akaigeuza amplifaya, mgongo ukutani, bila hata kuiangalia, kama alivyofanya maisha yake yote, akachomeka waya.

Alipiga mistari minne. Akaacha. Akairudia ileile.

"Imepona," alisema. "Umeiosha koo?"

"Nilikaza kitufe, Nera. Na kufuta vumbi."

Yote mawili yalikuwa kweli. Akatikisa kichwa taratibu. Akalilaza gita kitandani mwangu, akaenda dirishani, akalivuta pazia lote. Jua likaingia mpaka katikati ya chumba. Akaishika amplifaya kwa mikono miwili na kuigeuza, mgongo wake ukalitazama jua.

Tukasubiri. Nje malori ya mpakani yalikuwa yakipita. Kwenye kitambaa cha mbele hakukutoka kitu. Aliweka kiganja nyuma yake, akakitoa. Akakiweka tena.

"Haioni," alisema.

"Nera..."

"Ziko wapi?"

"Nairobi. Ndani ya pedali ya mtu."

"Ni mpigaji?"

"Ndiyo."

"Mzuri?"

"Mzuri."

"Basi hazikuangukia pabaya." Akaanza kuukunja waya wake, mzunguko juu ya mzunguko, kwenye kiwiko. "Ungeniomba, ningekupa. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Jogoo wangu ungemkamata mchana, nikikuona, nikikucheka. Nani alikuambia uje usiku?"

Nilisema tu, "Piga hata wimbo mmoja, Nera. Mmoja. Niko tayari kurekodi."

"Wimbo ninao," alisema. "Lakini zile nyimbo hazikutoka kwa hii." Aliigusa pembe ya kisanduku kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima joto la sufuria. Halafu akalifunga gita kwa shuka, akalifunga vizuri, ncha kwa ncha, akavaa kofia.

"Amplifaya, Nera. Unaisahau."

"Siisahau. Kaa nayo. Chai ilikuwa nzuri."

Alijipenyeza mlangoni kwa upande ili gita lisigonge fremu. Kisha akauvuta mlango nyuma yake polepole, mpaka komeo likaingia mahali pake.