Majivu Yangu Yaliyokwenda Lufingo

Karakana yangu ya mbao ilikuwa kubwa kuliko zote Tukuyu, na anayebisha aje tubishane. Niliishia darasa la nne, lakini waliomaliza vyuo walikuja kwangu kuchongewa makabati. Nilianza kwa kubeba mbao begani kutoka msituni, nikafika kwenye msumeno wa umeme, mashine ya randa na bima ya moto, kitu ambacho mafundi wenzangu hawakujua hata kama kinauzwa.

Iliungua yote Jumapili, sisi tukiwa kanisani.

Huku kwetu mtu akiunguliwa ni kama amefiwa. Kesho yake watu walijaa, kutoka Lufingo, Matwebe, hadi Lupepo, kwa sababu aliyeunguliwa ni mimi, si mtu wa hivi hivi. Akina mama walileta ndizi na maziwa ya mgando, wanaume wakaja na sepeto. Wakafagia. Mabati yaliyojikunja wakayarundika kando, majivu wakayajaza kwenye viroba wapeleke kwenye migomba, maana majivu ya mbao hayatupwi. Wanakwaya wakapaka kuta chokaa ili nisiamke nikaona weusi ule. Jioni pakawa pasafi kama sahani. Nilisimama katikati nikawashukuru, machozi yakanitoka mbele za watu na sikuyafuta.

Mchunguzi wa bima alikuja baada ya siku chache, mhandisi kijana kutoka Dar, ana kamera na vimfuko vya kutilia vipande. Akasimama mlangoni. Akauliza karakana iliyoungua iko wapi.

"Ndiyo hii," nikamwambia.

Akazunguka akipapasa kuta. Alinieleza bila dharau kwamba moto huacha alama ukutani pale ulipoanzia, na majivu hulala kwa tabaka. Ukiyafukua taratibu unajua kipi kilitangulia kuungua. Kama ni hitilafu ya umeme, waya wa shaba huyeyuka nchani ukafanya kitone. Kama mtu kamwaga petroli, sakafu nayo itaonyesha. Sakafu yangu ilikuwa imepigwa deki.

"Mzee wangu, nani alikuambia usafishe?"

"Hakuna. Walikuja kunipa pole."

Aliniangalia kama mtu anayetaka kuamini. Hapo ndipo nilipojiona kwa macho ya watu wa Dar: mtu ana bima, karakana inaungua hakuna mtu ndani, kesho yake anaosha sakafu.

Nikaenda Lufingo kwa dada yangu, nikapiga magoti kwenye migomba yake mvua ikininyeshea, nikachambua majivu kwa vidole. Nikapata kipande cha waya chenye kitone kama punje ya mtama. Nikamkimbilia kijana kabla hajaondoka gesti. Akakigeuzageuza, akanirudishia mkononi.

"Hiki ningekitoa mwenyewe ukutani, kingetosha. Sasa hakina kwao."

Bima walikataa. Hawakuniita mwizi, walisema chanzo hakikuthibitika. Neno la mwizi watu wa mjini walilimalizia wenyewe, wakiwemo walioshika fagio.

Sasa mimi, mimi huyu, nachonga vigoda barazani kwa randa ya mkono. Juzi dada alinishushia mkungu mnene, hata kuubeba alisaidiwa.

"Ona migomba ilivyoyapenda majivu yako, kaka," akasema, amefurahi kweli.

Nikamwambia ndaga, asante. Mke wangu akapika. Watoto walikula wakashiba. Mimi sahani yangu ilipoa mbele yangu.