Moyo Wangu na Mwalimu wa Kisomo

Nichekeni tu, maana hata mimi bado najicheka. Tangu kisomo cha watu wazima kianze hapa Kihesa, kila jioni nampigia magoti Mwalimu Ambakisye kumwamkia, kama tulivyolelewa huku Iringa. Basi nikiinuka tu, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa na ng'ombe, na macho yanaingia giza.

Nilikwenda hospitali. Daktari akanilaza kitandani, akasikiliza kifua, akasema moyo mzima kabisa.

"Kama si ugonjwa, ni mapenzi hayo," shangazi akaamua. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaamini! Shangazi akaenda mwenyewe kumwambia mwalimu. Masikini, alifurahi hadi akakosea hesabu ubaoni.

Jumapili akamleta mama yake na mjomba wake kutoka Iyunga, Mbeya, waje wanione. Shangazi akamsimulia mama habari zote za moyo wangu, jinsi unavyoruka nikimwona mwanawe.

Nikampigia mama magoti. Kuinuka, moyo huo! Nikampigia na mjomba. Kuinuka, mbio zile zile. Nikamalizia kwa yule mzee kibogoyo aliyewabebea mizigo kutoka stendi. Hapo nilipoinuka miguu iliniishia, nikamwangukia kifuani.

Mama akaniwahi, akanikalisha mkekani, akaweka kiganja chake juu ya moyo wangu. Akausikiliza kwa muda. Kisha akamtazama mzee, akanitazama mimi, akauliza kwa upole:

"Mwanangu, na huyu naye unampenda?"