Niliyeshika Karai

Kuna harufu ya tope lililopikwa. Si tope la mvua, wala lile la kufyatulia matofali. Ni tope lililokaa ndani ya chuma, likachemka, likapoa, likachemka tena, mpaka likanuka kama sufuria iliyoungulia na msumari uliooza. Nilikuwa sijaisikia harufu hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi Jumanne iliyopita kwenye gereji pale Kimbo, fundi wangu alipochomoa mipira miwili ya hita ya gari langu na kitu chekundu kikadondoka kwenye mkebe.

"Madam," alisema, kijana mpole mwenye kofia ya sufu, "hii hita ilikufa kitambo. Hakuna mtu alikuambia uwe unatoa maji?"

Nilichelewa kumjibu. Nyinyi nitawaambia kwa nini, kwa sababu hamnijui na hatutakutana sokoni.

Nilikulia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Shamba lilikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na boti. Boti hiyo haikuwa ya kuvua samaki wala ya kuvusha watu. Kazi yake ilikuwa moja: kumvuta mtu mzima kwa kamba, amesimama juu ya mbao mbili, azungushwe bwawani akipiga mayowe mpaka aanguke. Kisha alipandishwa ndani akitetemeka, akawashiwa hita. Baba yangu ndiye aliyeitunza. Mzungu aliyeileta alipouza shamba na kurudi kwao, alimwonyesha baba kazi mara moja, akamwachia na kijitabu chenye picha kilichoeleza jinsi ya kuiandaa boti kwa majira ya baridi.

Baridi ya kwao na baridi ya Ruiru ni ndugu wa kambo, lakini kijitabu hakikujua hilo. Kilisema maji yote yatolewe kwenye hita kabla ya baridi, yasije yakaganda na kupasua chuma. Baba alitii. Kila mwaka mwezi wa Juni, mawingu yalipoanza kulala juu ya mikahawa mpaka adhuhuri, alichukua bisibisi, karai, na mimi.

Hita yenyewe ilifichwa kama dhambi. Haikuwa karibu na injini. Ilikuwa mbele kabisa, nyuma ya dashibodi, juu ya miguu ya dereva, mahali ambapo kichwa changu kiliingia na mabega ya baba yalikataa. "Usitafute hita," aliniambia mara ya kwanza, nilipokuwa nikipapasa gizani na kulia. "Hita inajua kujificha. Fuata mpira. Mpira haujui uongo." Nikaifuata ile mipira miwili kutoka kwenye injini, ikipita chini ya viti vilivyonuka ukungu, mpaka nikagusa kisanduku cha chuma kisichozidi mkate wa nusu kilo.

Kisha nilirudi kwenye injini, nikalegeza klipu, nikachomoa mipira. Baba alipiga magoti, akatia mpira mmoja mdomoni na kupuliza, mashavu yamefura kama ya mpiga tarumbeta wa kanisani, na maji yakatokea kwenye mpira wa pili, yakaingia kwenye karai nililoshika. Injini ile haikuwa na rejeta. Ilipozwa na maji ya bwawa lenyewe, na maji yayo hayo yakishapata moto ndiyo yaliyopita kwenye hita. Na bwawa letu, aliyewahi kuona udongo wa Ruiru atanielewa, lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwanza yalitoka maji. Kisha ukatoka uji mwekundu. Mwisho vikatoka vipande vigumu, kama maganda ya kidonda. "Ona," baba alisema, akipangusa midomo. "Hivi vingelala mle mwaka mzima." Kila mwaka mimi ndiye niliyekwenda kulimwaga karai nyuma ya jikoni.

Mmiliki mpya aliitwa Daktari. Sikuwahi kujua ni daktari wa nini, maana hakuwahi kumpima mtu isipokuwa kwa macho. Dereva wake, Kamande, alikuwa na ulimi uliochongoka, na ndiye aliyembatiza baba jina la Baba Barafu. "Baba Barafu, imefika wapi? Imepita Juja?" alimuuliza kila Juni, na baba akacheka naye. Mimi sikucheka. Jina lilifika shuleni kabla yangu. Wenzangu walijikunyata nikipita, wakigonganisha meno. "Nyambura, tuazime blanketi, baba yako ameona barafu!"

Mwaka niliokuwa darasa la sita, mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba maji huganda yakifika nyuzi sifuri. Nilimuuliza kama Ruiru inaweza kufika sifuri. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilirudi nyumbani nimebeba sifuri ile kama jiwe mfukoni, nikitafuta mtu wa kumpiga.

Nafasi ilikuja Jumapili moja mwanzoni mwa Julai. Daktari alileta wageni, ubaridi ukawapata kwenye gati, wakajifunga mataulo. "Washa hita," aliamuru.

"Daktari, nimeshaifungua," baba alisema. "Nipe nusu saa niirudishe."

"Umeifungua kwa nini?"

"Si ni msimu wa baridi, Daktari."

Mama mmoja mgeni akaangua kicheko. "Ngai! Ati hita imezimwa kwa sababu kuna baridi?"

"Anaogopa barafu, huyu," Kamande alidakia. "Si ndiyo maana tunamwita Baba Barafu."

Walicheka wote. Nami, ambaye sikuwa nimeitwa na mtu, nikasogea mbele na gauni langu la kanisani nikasema kwa sauti ya kukariri, "Maji huganda yakifika nyuzi sifuri. Hapa Ruiru hayawezi kuganda."

"Huyu ni wa nani?" Daktari aliuliza.

"Ni wake," Kamande alijibu, akimwashiria baba kwa kidevu.

Walinisimamisha juu ya kreti ya soda nirudie. Nilirudia. Wakaniuliza maji huchemka kwa ngapi, nikasema mia moja, wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi vile tena, na nimesoma makala zangu mbele ya watu waliolipwa nauli waje.

"Kwa hivyo mtoto anajua, na wewe hujui," Daktari alimwambia baba. "Miaka yote unanifungulia hita kwa kitu kisichokuwepo."

"Si barafu peke yake, Daktari. Kuna tope. Hilo tope likilala mle ndani..."

Daktari aliinua kiganja, baba akanyamaza. Kisha alinigeukia huku akitabasamu. "Haya, mwalimu. Kwenye hita kuna tope?"

Wiki mbili kabla nilikuwa nimelimwaga karai. Doa lake lilikuwa bado nyuma ya jikoni, na wekundu wake ulikuwa bado pembeni mwa kucha zangu, maana udongo ule hautoki kwa kuoga mara moja. Niliwatazama wageni. Walikuwa wamejiweka tayari kucheka, na mimi ndiye niliyeshika kicheko chao.

"Hapana," nilisema. "Tope haliko kwenye sayansi."

Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote. Baba alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu.

"Funguo mpe Kamande," Daktari alimwambia. "Nyumba niachie Jumamosi." Mimi nilipewa soda. Niliinywa yote.

Tulihamia Gatuanyaga, kwenye kipande cha ardhi cha ndugu ya baba, mahali ambapo vumbi liliingia hata kwenye chumvi. Mama hakunipiga. Alingoja tuwe tumeshusha godoro la mwisho, akasema, "Waliosema mdomo uliponza kichwa walikuwa hawajakuona. Wako umeponza vichwa sita." Kisha akanipa jembe. Nililia jioni ile kwa kuwa shule mpya ilikuwa mbali. Nataka mjue hivyo, msije mkadhani nililia kwa majuto.

Mwaka uliofuata habari zilitufikia kwamba hita iliziba, mpira ukafyatuka, na maji moto yakamwagikia miguu ya Kamande akiwa anaendesha boti. Aliachishwa kazi akiwa bado na bandeji. Nilicheka. Baba aliuliza, "Ni mguu upi, au ni yote?"

Kwa muda mrefu niliisimulia hadithi hii kama kichekesho cha mtoto mjuaji. Nimewahi kuisimulia hata kwenye harusi. Katika simulizi hiyo kulikuwa na barafu, kreti na makofi, tope sikulitaja. Niliwaambia watu kwamba nilikuwa mdogo, sikujua nilichokuwa nikisema. Nilijua. Hilo halikuhitaji chuo kikuu.

Nililochelewa kuelewa ni jambo jingine. Baba alikuwa na neno moja la kuiokoa kazi yake. Angesema tu, "Daktari, mtazame kucha." Mbele ya wageni wote ningekuwa mwongo, juu ya kreti, na gauni langu la kanisani. Alizitazama kucha zangu, akalipima neno hilo, akalimeza. Nimejaribu kuamini kwamba ilikuwa ni huruma. Kuna siku nadhani alikwisha kunipima kama Daktari alivyopima watu, akaona sistahili hata kubishana naye.

Sijamuuliza. Angali Gatuanyaga, anafuga mbuzi, na macho yamefifia. Kila ninapomtembelea, kabla hata hajaniuliza habari za watoto, anagusa boneti ya gari kwa kiganja. "Hita unaitoa maji?"

"Naitoa, baba," humwambia. "Kila Juni."

Huipangusa mikono yake kwenye suruali.

Fundi wa Kimbo alikuwa bado ananingoja, mkebe mkononi, tope jekundu likitulia chini yake. Alifikiri labda sikumsikia. "Nauliza, madam. Hakuna mtu alikuambia?"

"Hapana," nilisema. "Hakuna."